Gunia la Mlangoni

Juzi nilikuta viatu vimepangwa nje ya mlango wa binti yangu, vyote vikiangalia barabara, nikamkumbuka Mwalimu Salina, jirani yetu wa zamani.

Alikuwa anaenda Japani kusomea kilimo, na alasiri moja kabla ya safari alikuja dukani kwetu kufanya mazoezi ya adabu za huko. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Duka lilinuka mafuta ya taa na udongo, na redio ilikuwa ikimtaja Mtukufu Rais. Mwalimu alivua gambuti zake, akazigeuza ziangalie nje, kisha akamwinamia mama hadi kitambaa chake cha kichwani kikaanguka.

"Kwani leo mimi ndio Mjapani?" mama alicheka.

"Usicheke, Mama Njeri. Nikikosea huko, watasema Wakenya hatuna adabu."

Nilimhurumia sana. Nilidhani watu wa Japani huvua viatu kwa sababu wana matope kama yale ya barabara yetu ya kwenda Moiben. Nikatoa gunia letu la kupangusia miguu, nikalikung'uta, nikampa.

"We Njeri! Hiyo takataka?" mama alifoka.

Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili, akaniinamia mimi pia.

Aliporudi, alituambia kwamba alilitandika mlangoni pa chumba chake huko Japani. Wageni wake walivua viatu, wakaliinamia, halafu wakaliruka polepole, wakiamini ndiyo desturi ya kwetu. Hata mmoja hakulikanyaga.