Kuchagua Piano Kabla ya Macho Kuzimika

Nilikuwa nafundisha darasa la nne katika shule moja ya Kabondo. Asubuhi moja, baada ya kupandisha bendera na kuimba zile nyimbo za chama tulizolazimika kuziimba kila siku, niligeukia ubao kuandika imla. Chaki ikavuka ukingo wa ubao ikaendelea ukutani, neno zima, na mimi sikuona. Watoto walicheka kwanza. Halafu wakanyamaza wote kwa pamoja, na huo ukimya ndio ulionitia hofu.

Mkurugenzi wa shule aliniita saa ya mapumziko. Alikuwa mtu mpole, na siku hiyo alikosa mahali pa kuweka mikono yake.

"Citoyen," akasema, maana wakati ule wote tulilazimika kuitana raia kwa Kifaransa, "wazazi banaongea. Siwezi tena kukuachia batoto."

Ugonjwa wenyewe nilikuwa naujua tayari. Nilikulia karibu na maporomoko ya Wagenia, ambako maji yanapiga mawe mchana kutwa na nzi wadogo weusi wanauma miguu. Utoto wetu wote tulijikuna, hatukufikiri kitu. Sasa nilikuwa na miaka thelathini na minane, na dunia nilikuwa naiona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi. Mbele kulikuwa na nuru, pembeni kote giza, na ule mwanzi ulikuwa unazidi kuwa mwembamba. Daktari wa hospitali alinipa vidonge, akasema vitawaua wadudu wa ndani ya ngozi, lakini kilichokwisha kuliwa jichoni hakitarudi. Nikamuuliza nina muda gani. Akafunga chupa ya vidonge.

"Labda mwaka. Labda hata haufiki. Kama kuna kitu unataka kujifunza kwa macho, jifunze sasa."

Tulikuwa na watoto wanne. Mke wangu alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, na tangu mishahara ya walimu ianze kuchelewa kwa miezi, ile mashine ndiyo iliyokuwa inapika chungu chetu. Mimi nilikuwa na ujuzi mmoja tu mwingine. Nikiwa mwanafunzi wa misheni, padri mmoja alinifundisha kinanda, na kwa miaka mingi nilikipiga parokiani kila Jumapili. Lakini mchwa walikuwa wamekula mbao zake, viriba vyake vya kupulizia hewa vimeoza, na sauti iliyobaki ilikuwa ya mtu mwenye pumu.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa na ukumbi wa karamu za ndoa. Nilimwendea, nikamwomba kazi. Alinisikiliza akiwa anahesabu viti.

"Batu ya siku hizi banataka musiki ya piano wakati bibi-arusi anaingia," akasema. "Leta piano yako, utapiga kila samedi. Mimi siko na piano ya kukupa. Na usikawie, kuko bengine banaomba."

Hapo ndipo shida yangu ilipopata umbo. Nilihitaji piano ya umeme, ya bei tunayoweza, ya kufanyia mazoezi nyumbani na ya kupigia ukumbini. Na nilihitaji kuipata mapema, kwa sababu piano hizo zina vitufe vingi vyenye maandishi madogo, na mimi nilitaka kuvijua vyote wakati bado naona kitu. Siku mbili mke wangu alimalizia nguo za watu. Siku ya tatu akafuta vumbi kwenye cherehani yake, akaiviringisha kwa kitenge, akaenda nayo sokoni kichwani. Alirudi bila hata kile kitenge.

Katika mji wetu wakati ule hapakuwa na pa kuchagulia. Tulisikia za vyombo viwili tu.

Cha kwanza kilikuwa dukani kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kivu, karibu na soko. Alikuwa na kile kinanda chembamba cha plastiki ambacho wanamuziki wote walikiita synthé. Mke wangu alinishika mkono akaniongoza kati ya magunia ya chumvi na mabeseni, na mwenye duka akakiweka mbele yangu juu ya kaunta. Nikaweka mikono. Vibonyezo vyake vilikuwa vidogo kama meno ya mtoto. Kila nilipokwenda kubonyeza kimoja, kidole kiliangukia viwili. Nikabonyeza polepole, kisha kwa nguvu. Sauti ikawa ileile. Ukibembeleza au ukipiga, kwake ni sawa.

"Ngoja, Papa, ngoja," mwenye duka akasema kwa furaha, akabonyeza kitu. Ngoma ikaanza, besi ikaingia, na duka zima likajaa dansi. "Unaona? Hii inajipiga yenyewe! Hata kama mutu hajue kitu!"

Najua alitaka kunipendeza. Lakini nilikuwa nimepoteza darasa, nilikuwa napoteza macho, na sasa nilikuwa nauziwa kitu kisichonihitaji. Nikajisikia kama nimepigwa kofi mbele ya mke wangu.

Yeye alikuwa anauliza maswali yake. Kinatumia betri? Ndiyo, betri sita za redio. Uzito? Akakinyanyua kwa mkono mmoja. Nje, njiani, akaniambia, "Papa, hii tutaiweza."

Nikauachia mkono wake.

Cha pili kilikuwa Ubundu. Tonton wa mke wangu, yaani mjomba wake, alikuwa anafanya kazi kwenye reli huko, na alituma habari kwamba mtawa mmoja mzee, mzungu, anarudi kwao, na anauza piano ya aina mpya isiyo na nyuzi ndani. Tulivuka mto kwenda ng'ambo, kwenye stesheni, tukapanda treni. Treni yenyewe ilisimama porini zaidi ya ilivyotembea. Tulikula lituma baridi, ndizi za kupondwa tulizozifunga kwenye majani, na mke wangu alinisimulia anayoyaona dirishani, miti, mtu na mbwa, miti tena, mpaka nikamwambia aache.

Yule mtawa alikuwa mdogo wa mwili, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Alinikalisha mwenyewe, akawasha.

Nilibonyeza kibonyezo kimoja tu. Kilikuwa kizito, kilishuka chini ya kidole kama kinachofikiri, na sauti ikatoka ndogo, ya mviringo. Nikabonyeza tena kwa nguvu, ikapanda. Nikapiga wimbo wa kwanza padri alionifundisha, wote, mpaka mwisho, na vidole vyangu havikukosea mahali hata pamoja. Nilipomaliza uso wangu ulikuwa umelowa. Nilipiga vizuri kuliko nilivyopata kupiga maisha yangu yote, na hakuna kitu nilichohitaji kukiona.

"Sikiliza, mwanangu," mtawa akasema. "Sitaki kukudanganya. Kwa nyumbani, ni nzuri sana. Lakini haina betri. Inataka umeme, tena umeme uliotulia. Sisi hapa tuna mashine ya kuutuliza, na hiyo si yangu, inabaki na misheni. Ya kupeleka huku na huku kwenye karamu, sijui."

Mke wangu alinivuta pembeni, chini ya upenu.

"Papa, courant ya Kabondo unaijua," akasema kwa sauti ya chini. "Inakuja ikitaka, inaenda ikitaka. Tutafanya nini na hii?"

"Uliisikia?"

"Niliisikia. Iko muzuri. Nilisikia hata ukilia. Lakini batoto hawatakula muzuri."

"Ni mimi nitakayepiga," nikamwambia. "Macho yangu inaenda. Unataka nibaki gizani na kile kitu ya plastiki?"

Alinyamaza. Nilichukua ule unyamavu wake kuwa ni ridhaa. Leo najua ulikuwa ni huruma, na laiti angeipunguza kidogo tu huruma hiyo.

Tuliibeba watu wanne mpaka kwenye treni. Nyumbani tuliiweka kwenye chumba cha mbele, na kwa miezi miwili nilikuwa mtu. Umeme ukija saa nane mchana, napiga. Ukija alfajiri, napiga. Mke wangu alibandika matone ya nta juu ya vitufe, moja kwa sauti ya piano, mawili kwa ogani, na nilivishika kwa kichwa. Alikuwa ameanza kuuza mikate ya kukaanga mlangoni. Sikumsikia akilalamika. Nilichosikia ni kwamba sahani zangu zilikuwa zinafika nyepesi, na za kwake sikuzisikia kabisa.

Ikafika Jumamosi, samedi yangu ya kwanza ukumbini. Ndoa ilikuwa ya mtoto wa mtumishi mkubwa wa serikali, ukumbi umejaa, harufu ya samaki na manukato. Kwa wakati ule nilikuwa naona kitu cha ukubwa wa kiganja, basi. Bibi-arusi akaingia. Nikaanza. Sauti ikaenda juu ya vichwa vya watu, laini, nikasikia viti vinaacha kukwaruza. Mama wa ukumbi alinigusa bega. "Muzuri, Maître," akasema.

Hapo umeme ukakatika. Vidole vyangu viliendelea kidogo, vikigonga tu, tok, tok, tok, kabla sijaelewa. Watu wakaguna. Mtu akapiga kelele, "Groupe! Muwashe groupe!" Jenereta ikakohoa nyuma ya ukuta, ikashika, ikanguruma, na taa zikawaka kwa nguvu hata mimi nikaziona. Kisha nikasikia harufu. Ilikuwa harufu ya plastiki inayoungua, na ilikuwa inatoka chini ya mikono yangu.

Nilibonyeza kila kitu. Tone moja, matone mawili. Nilibonyeza vibonyezo vyote kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu anayeita majina darasani, na hakuna aliyeitika. Nyuma yangu vijana walikuwa wameshaanza kupiga meza na makofi, mtu akaleta ngoma, karamu ikaendelea. Haikuharibika hata kidogo. Hilo ndilo lililonimaliza.

Mama wa ukumbi alimwambia mke wangu, si mimi, "Mama, mumupeleke kwenu. Hapa ni karamu, siwezi kusimamisha batu juu ya mateso ya mutu moja."

Fundi wa redio wa mtaani aliifungua. Akasema kipande kikubwa cha ndani kimeungua, na kipande kama hicho hata Kinshasa hakipatikani. Alikataa malipo, jambo ambalo lilinitia aibu zaidi.

Sijui ni siku ngapi nililala nimegeukia ukuta. Asubuhi moja, mke wangu akiwa ameenda kutafuta unga, nilitoka peke yangu na fimbo, nikaufuata mteremko, nikiongozwa na sauti ya maji ya mto Tshopo. Sikuwa na mpango wa kurudi. Nilikaa kwenye jiwe nikasikiliza. Maji yalikuwa mengi, na nilijiambia kwamba nikiondoka kutakuwa na mdomo mmoja wa kulishwa uliopungua.

Alinikuta hapo. Alikuwa amekimbia, pumzi ilimtoka kwa shida. Nilidhani atanibembeleza.

"Uliuzisha mashine yangu," akasema. "Sikukuambia kitu. Uliacha synthé ya betri, sikukuambia kitu. Sasa unataka kuniachia batoto bane na deni ya mochwari juu? Hapana, Papa. Hiyo hapana. Simama."

Sikusimama. Alikaa chini kando yangu kwenye tope, akiwa amevaa kitenge chake cha mwisho, akalia kwa sauti, kama wanavyolia matangani. Sijawahi kumsikia hivyo, hata mama yake alipokufa. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali mgongoni. Halafu yeye ndiye aliyeanza kusimama, na mimi nilikuwa nimeshika mkono wake.

Siku ileile alinipeleka kwa yule mfanyabiashara wa Kivu. Nilikuwa bado na tope kwenye suruali. Mke wangu akasema moja kwa moja kwamba hatuna kitu cha kununulia, lakini kama mume wake atakaa dukani akipiga, watu wataingia. Mwenye duka alisita. Akakitoa kile kinanda, akaweka betri. Nikakunja vidole vyangu, nikajifunza hapohapo kubonyeza kwa ncha, vidole vitatu tu, nikaiacha ile ngoma ijipige yenyewe nami nikaifuata. Watu waliingia. Mchana wa siku hiyo mwenye duka aliuza mabeseni na chumvi kuliko wiki nzima.

Tukakubaliana: siku za kazi nikae dukani, Jumamosi nikichukue kwenda kupiga. Nilikipiga kile kinanda miaka mingi, kwenye ndoa, ubatizo, na matanga. Sikukipenda hata siku moja. Mke wangu alikibeba kichwani akitangulia, nami nikishika kitambaa cha mabega yake.

Macho yaliisha mvua za mwaka uliofuata, bila kishindo. Sikumwambia mtu yeyote kwa siku tano.

Baadaye duka lilipata kinanda cha pili, kikubwa zaidi, chenye vibonyezo vizito kidogo, cha umeme tu. Siku moja mwanamke mmoja alikuja kutafuta chombo kwa ajili ya kwaya yao ya Isangi. Aligusa vyote viwili. Nilisikia kwa namna alivyochelewa kuondoa mkono kwamba kile kikubwa kimemshika.

"Papa, wewe unajua hii mambo," akaniambia. "Nichukue gani?"

"Kwenu Isangi courant iko?"

"Kuko groupe ya parokia. Wakati mafuta iko."

"Basi chukua hii ndogo."

Mwenye duka alikohoa. Kile kikubwa kilikuwa na bei kubwa zaidi. Mwanamke akabonyeza kibonyezo cha kinanda kidogo mara moja, mara mbili.

"Lakini sauti yake haiko muzuri sana," akasema.

"Hapana," nikamwambia. "Haiko muzuri."

Akaomba kile kidogo kijaribiwe kwa betri.