Ukuta umejaa picha zangu za Ulaya, ya kuweka mbele ya jeneza la mama hatuna

Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, nilimpoteza mama. Kabla wiki iishe tukagundua hatuna picha yake.

Wakuu, hamjambo. Sikuja kutafuta pole, pole nimepewa za kutosha. Nitaeleza vile ilivyokuwa, hata pale ningependa kuonekana vizuri kidogo.

Mimi ni mtoto wa estate ya Tena, hapa Eastlands, Nairobi. Mama alinilea peke yake. Asubuhi alinunua matumbo na vichwa vya mbuzi kwa soko la Kiamaiko, akaja kuuza kwa kibanda chake estate. Shuleni sikuwa kichwa. Nilipata C plus, kanisa likasimama na sisi, nikapata chuo Poland, kozi ya logistics.

(Mnaotaka kuuliza mambo ya visa na agent, si leo tafadhali.)

Kitu wengi hawajui, ukiwa na residence permit ya mwanafunzi unapanda basi Ijumaa jioni na asubuhi uko nchi nyingine, na hakuna anayekuuliza unaenda wapi. Nilikuwa naosha vyombo kwa restaurant. Kila nikipata off, niko road. Prague, Berlin, Budapest, Vienna. Nililala kwa station, nikala mkate na ndizi, nikanawa uso kwa choo cha treni.

Lakini kwa picha huwezi kujua.

Mama alikuwa na sharti moja. "Nitumie ukiwa peke yako. Hao wengine mimi siwajui."

Picha ikifika, anaipeleka studio Donholm inaoshwa, inawekwa kwa frame ya kioo, inatundikwa sitting room na kitambaa cha kufuma juu yake. Vitambaa alifuma mwenyewe akingoja wateja. Kama umekulia huku unazijua hizo sitting room.

Nilijua anazitundika. Sikujua amejaza ukuta mzima.

Nilirudi nikakuta nyumba imejaa waombolezaji. Wamekaa chini ya picha zangu. Mimi na miwani ya jua kwa daraja. Mimi nikicheka kando ya fountain. Mimi na ice cream Vienna. Watu wanaimba nyimbo za maombolezo, na mimi niko ukutani nalamba ice cream.

Mzee mmoja wa kanisa alinipa mkono, akaangalia ukuta, akaniangalia.

"Kumbe ndiye wewe," akasema.

Nilitafuta kiti ambacho kinaupa ukuta mgongo.

Mjomba Kioko, ndugu ya mama, ndiye alikuwa chairman wa kamati ya mazishi. Akanivuta kando. "Mutuku, mtu wa kuprint anataka picha ya dada yangu kabla ya kesho saa sita. Ya kuweka kwa eulogy, na ile kubwa ya kubeba. Wewe ndio uko na nyingi, chagua poa."

Mnajua kwetu mtoto wa kwanza hutembea mbele ya jeneza akiwa ameshika picha ya marehemu. Mimi ndiye wa kwanza na wa mwisho. Bila hiyo picha, watu wa nyumbani watauliza tunamzika nani.

Nikafungua simu. Majumba. Sanamu za farasi. Sahani za chakula ambacho hata sikumaliza. Mimi, mimi, mimi. Nilikuwa naongea na mama kwa video kila wiki na sikuwahi kupiga hata screenshot.

Simu yake ilikuwa imefungwa na pattern, na hakuna aliyeijua. Profile yake ya WhatsApp ni mimi. Picha ya chama chao cha akina mama ilipatikana, lakini mama amesimama nyuma na kilemba cha chairlady kimemfunika kuanzia pua kwenda juu. Mjomba akapiga picha ya kitambulisho, akai-zoom.

"Apana. Hii watu watadhani anatafutwa na polisi."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Nikasema, kwa sauti ili wasikie, kwamba mama hakupenda kupigwa picha. Nafikiri nilikuwa najitetea.

Mama Halima akaweka kikombe chini. Huyu ndiye alikuwa anamuuzia mama vichwa pale Kiamaiko, miaka mingi, na ndiye alimpeleka hospitali.

"Nani amekudanganya? Mama Mutuku alikuwa anapenda picha sana. Akija kwangu Idi mimi nampiga, anaangalia, anafurahi. Lakini simu yake ilikuwa ndogo, ikijaa anafuta. Anafuta zake. Nikamwambia, wewe mama, futa hata moja ya huyu kijana, ako na mia. Akaniambia, zake haziguswi."

"Na zile ulimpiga na simu yako?" mjomba akauliza.

"Hiyo simu iliibiwa Gikomba, baba."

Yale ya kufuta hakuyasema kwa ubaya. Alikuwa anajibu tu nilichosema. Lakini wote waliinua macho wakaangalia ukuta, nami nikatoka nje.

Nilisimama karibu na sufuria za chai nikamwandikia Neema, Mtanzania tunayesoma naye, ambaye tulienda naye Vienna. Nikamuuliza kama ana picha yoyote niko kwa simu na mama.

Akajibu: "Pole sana kaka. Ipo moja, nilikupiga kwenye treni. Sikukutumia kwa sababu ulikuwa umenuna."

Nikaifungua.

Niko dirishani, nimeshika simu, na kwa screen ni mama. Kilemba cha njano. Anacheka meno yote nje. Ameinua frame mpya anionyeshe, yangu ya Prague.

Mimi naangalia nje.

Hiyo siku naikumbuka. Nilimwambia, "Mum network ni mbaya, nitakupigia." Network ilikuwa sawa. Kulikuwa na mlima una theluji unakuja, nilitaka kuupiga picha.

Asubuhi nikaipeleka studio ile ile ya Donholm. Fundi akanikata mimi, akakata dirisha, akakata frame, akabakisha uso wa mama. Kidole changu gumba kilikuwa kwa ukingo wa screen, kimefunika kipande cha sikio lake.

"Hii nikitoa naharibu sikio," akasema.

Mjomba, niliyekuja naye, akaisogeza karibu na macho. "Wacha ikae. Ni yeye."

Ndiyo niliyobeba hadi kaburini nyumbani Mwala. Ina ukungu kidogo. Kwa laini ya kuaga, shangazi mmoja asiyeona vizuri akaisogelea, akagusa kioo.

"Na hii kidole ni ya nani?"

"Ni yangu, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa, akapita.

Wakuu mlio majuu, tembeeni. Sijutii kutembea, na mama alitaka nitembee. Lakini akikupigia video, muangalie yeye, umpige screenshot hata kama kilemba kimekaa upande. Wenye mliwahi kukosa picha ya mtu wenu, niambieni hapa chini mlifanya nini. Nitasoma zote, kujibu sijui.

Jana Mama Halima alikuja na maziwa. Aliona picha ya mama bado iko juu ya meza, imeegemea ukuta. Akaniuliza mbona sijaitundika. Nikamwambia hakuna msumari umebaki.

Akapanda kiti. Akatoa mimi na ice cream yangu, akatundika mama kwa msumari huo, akarudisha kitambaa juu.