Barua ya Mama Kwenye Jukwaa

Kosa langu la kwanza kwenye intaneti lilikuwa kudhani kwamba kila kisanduku cha kuandikia humfikia mtu mmoja tu. Leo kompyuta yangu imepata joto, na harufu ya vumbi linaloungua imenirudisha kwenye saiba, duka la intaneti la mtaani kwetu, Kaloleni, mama akiwa ameinama begani kwangu akinukia sabuni ya kufulia.

Baba alikuwa akifanya kazi Dubai. "Mwandikie hivi," mama alininong'oneza. "Kama umeoa huko, niambie wewe mwenyewe, nisiambiwe na watu."

Sikujua tofauti ya barua pepe na jukwaa linalosomwa na kila mtu. Nilijua tu kwamba baba huandika kwenye tovuti ya watu wa kijiji chetu cha asili, basi nikaandika hapo, chini ya ujumbe wake mmoja. Nilisahihisha kila nukta na kila mkato, kisha nikabonyeza nikijivuna.

Jumapili, kwenye foleni ya maji, jirani ambaye kaka yake alikuwa ameisoma barua yetu kwenye tovuti alipaza sauti. "Wee mama, mzee amejibu? Hata sisi tunangoja!" Wanawake wakacheka. Mama alibeba mtungi wake ukiwa nusu, akaondoka.

Baba alijibu palepale jukwaani, mbele ya wote: "Huyo mwanamke anayeniandikia hapa simjui."

Siku hizi mama ana simu yake. Huandika ujumbe wake mwenyewe, kwa kidole kimoja, na nikiingia chumbani huilaza simu kifudifudi.