Meli Tupu Haina Haraka

Ifahamike kwa wote kwamba njia ya bahari ya kaskazini, kuanzia mlango-bahari wa Bering hadi Murmansk, ni barabara ya biashara kama barabara nyingine. Kwamba inapitika kwa usalama hata majira ya baridi. Na kwamba msimu ule ulifungwa pasipo baharia hata mmoja kupata madhara yatokanayo na barafu. Ndivyo ilivyotangaza ofisi husika, na ofisi husika haina mazoea ya kubishana na mtu.

Miongoni mwa mabaharia hao wasiopata madhara alikuwamo Yefim Zakharovich Lokhov, mzaliwa wa Arkhangelsk, msaidizi wa mitambo katika meli ya mizigo Onezhka. Sisi tuliokuwa naye kule chini kwenye injini tulimwita Zakharych. Kazi yake ilikuwa chujio.

Injini ya meli hunywa maji ya bahari ili isichemke. Lakini bahari ile, baridi ikianza, haiwi maji wala haiwi barafu, huwa uji. Uji huingia kwenye bomba, huziba chujio, injini hupandwa na homa. Hapo mtu hufungua chujio, akachota uji kwa mikono, akafunga, kisha akahamia chujio la pili, kwa kuwa nalo limeshaziba. Akimaliza la pili, la kwanza linamngoja. Zakharych alikuwa ameifanya kazi hiyo zaidi ya nusu ya umri wake. Majirani wakimuuliza anafanya nini huko baharini, alijibu kwamba anaipenga bahari kamasi.

Sasa, Zakharych alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo hauumi wala hauonekani kwa nje. Hula jicho kutoka pembeni polepole, kama panya anavyokula mkate. Jicho la kushoto lilikuwa limebakiwa na tundu la ufunguo, na la kulia lilikuwa limeanza safari hiyohiyo. Dada yake, Glafira, alikuwa amehangaika na foleni za hospitali hadi akampatia nafasi ya upasuaji mwishoni mwa Novemba. Daktari hakuzunguka: jicho la kushoto likivuka mwaka mpya bila kupasuliwa, wasilihesabu tena.

Msomaji atauliza mtu wa namna hiyo aliruhusiwaje kupanda meli. Aliruhusiwa kama wote tunavyoruhusiwa. Ubao wa herufi unaotundikwa kwa daktari wa mabaharia haujabadilika tangu enzi za baba zetu, na kila baharia wa pwani ile anaujua kwa moyo, kama wengine wanavyojua sala ya kulala. Sha, Be. Em, En, Ka. Baba humfundisha mwanawe ubao huo kabla ya kumfundisha kuogelea, maana kwa maji yale kuogelea hakumsaidii mtu. Zakharych aliukariri mwezi wa Agosti bila kukosea herufi, akapewa cheti kwamba anaona kama tai. Safari ilikuwa ya kwenda bandari ya Pevek, mashariki ya mbali, na kurudi. Oktoba ingemkuta nyumbani.

Pevek tulipeleka saruji na fremu za madirisha. Upepo ulituzuia kushusha, ukatulia, ukaanza tena. Ofisi ilituambia tusiwe na wasiwasi: vuli tatu zilizotangulia barafu ilichelewa, kwa hiyo ilikuwa imeamuliwa kwamba barafu ina tabia ya kuchelewa. Mzigo ulipokwisha kushushwa, tuling'oa nanga. Barafu, ambayo haikuwa imearifiwa, ilitukuta katikati ya bahari ya Siberia Mashariki.

Barafu haikugongi. Inakuegemea, kama jamaa aliyekuja msibani na hana mpango wa kuondoka. Mbavu za meli zililia, rangi ikabanduka ukutani vyumbani mwetu, tukawa tunalala na viatu. Na kwa kuwa haikuwa na mzigo, Onezhka ilielea juujuu, rafadha, ile feni inayoisukuma meli, ikawa karibu na barafu, ikapoteza panga moja. Meli ya kuvunja barafu ilikuwa moja, waliokwama walikuwa wengi. Ikaanza na meli ya mafuta. Ikafuata ya unga. Kila mara kapteni wetu alipopiga simu ya redio alijibiwa kwa adabu kwamba meli tupu haina haraka.

Maji ya kunywa yalipopungua, bafu la mvuke la Jumamosi lilifutwa. Hapo ndipo watu walipoanza kuchoka kwelikweli. Baridi huzoeleka na hofu huzoeleka, lakini Mrusi asiyeoga Jumamosi hajui tena wiki imeisha lini.

Lidia Markovna, mpishi, ndiye aliyegundua. Alimtazama Zakharych akimimina chai.

"Zakharych, meza haikuomba chai."

"Nayo ina kiu, Lidia Markovna. Maji si ya mgao?"

"Usinichezee. Jana ulimkanyaga mnyapara wa mabaharia, juzi uligonga mlango uliokuwa wazi. Kushoto kwako kuna nini?"

"Kushoto kwangu usiku umeingia."

Akamwambia yote, kuhusu Glafira, Novemba na mwaka mpya. Lidia Markovna akaweka mwiko chini.

"Kesho helikopta inakuja kumchukua fundi umeme na tumbo lake linalomuuma. Nenda kwa kapteni sasa hivi, we mzee mjinga. Una macho mawili tu, huna ya akiba."

Kapteni Roman Arkadyevich alikuwa mtu mwema, na ni wema wake uliomfanya afunge mlango kabla ya kusikiliza.

"Huoni tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, kapteni."

"Usiseme mwaka jana. Ukisema mwaka jana, mimi niling'oa nanga na kipofu kwenye injini. Watanivua cheo kabla hawajanivuta kutoka kwenye barafu."

"Basi tangu mwezi uliopita."

"Hapo barafu ndiyo imekuumiza, na ofisi imeshasema barafu haijaumiza mtu." Akajikuna kidevu. "Upasuaji hauwezi kungoja?"

"Mimi naweza kungoja, kapteni. Nimezoea. Jicho ndilo halijui kungoja."

"Sikiliza, Zakharych. Daktari anakuja na helikopta. Mimi sijasikia kitu. Yeye akiandika huoni, huoni. Utapanda, nami nitakubebea begi kwa mkono wangu."

Daktari alikuwa kijana mwenye ndevu na usingizi. Kwa majuma alikuwa akirushwa kutoka meli hadi meli. Alimpima fundi umeme kwenye chumba cha kulia, akaagiza afungwe kwenye machela, kisha akamgeukia Zakharych aliyesimama na begi mkononi. Begi lile lilikuwa kosa.

"Na wewe, mzee?"

"Macho, daktari."

"Macho." Daktari alicheka bila furaha. "Kwenye meli ya mafuta wawili waliniambia macho. Kwenye ya unga, mmoja masikio. Mkikwama tu, mnaanza kuoza viungo."

Alimmulika kwa tochi. Hakuona kitu, kwa sababu ugonjwa ule hauna cha kuonyesha kwenye tochi. Akasoma cheti cha Agosti, akatoa ubao uleule, wa karatasi, ndani ya mkoba, akaubandika mlangoni kwa plasta ya vidonda. Akamwambia Zakharych azibe jicho la kulia, akaweka kidole kwenye mstari wa juu.

Zakharych alikuwa amekusudia kusema kweli. Alituapia baadaye, na mimi namwamini. Lakini alikuwa amesimama mbele ya ubao ule tangu ujana wake, na kila mara aliposimama mbele yake mdomo ulikuwa na kazi moja tu. Mdomo ukatangulia.

"Sha, Be," ulisema. "Em, En, Ka." Ukateremka mstari wa tatu, ukafika wa nne, wazi, bila kigugumizi, huku kidole cha daktari kikiwa bado juu kabisa.

Lidia Markovna alijifunika uso kwa aproni.

"Hongera," alisema daktari akikunja ubao. "Ningekuwa na macho kama hayo ningekuwa rubani."

"Daktari, hizo zimo kichwani! Sikuiona hata moja! Niulize kitu kingine. Niulize shati lako lina rangi gani!"

"Na wewe ukijibu rangi siyo, nitaamini? Baba, nimechoka. Mwenzako tumbo linaweza kupasuka. Sogea nipite."

Zakharych alisogea, upande wa kushoto, akajigonga kwenye fremu ya mlango. Daktari alikuwa ameshatoka.

Kazi iliendelea. Siku ya upasuaji ilimkuta chujioni, mikono imezama kwenye uji mpaka viwikoni. Glafira alipiga simu ya satelaiti, akalia, simu ikakatika. Meli ya kuvunja barafu ilitufikia baada ya mwaka mpya, ikatufunga kamba, ikatuvuta siku nyingi kuelekea magharibi, na kapteni akaandika kwamba watu wote ni wazima.

Zakharych alipata nafasi nyingine hospitalini majira ya kuchipua yaliyofuata. Walimpasua jicho la kulia. La kushoto hawakuligusa.