Safari ya Matungu na Kisu cha Maharagwe

Nilikwenda Matungu kwa sababu ya mikaratusi. Mahindi yetu hapa Lugari yalikuwa yamegeuka manjano kwa msimu wa pili, mbolea tumetia na bado. Mume wangu Wafula akaleta miche, akaipanga nyuma ya ghala na kutangaza kwamba tukishavuna, shamba lote la bondeni litapandwa miti. Mkaratusi hausongwi ugali, nami nina watoto wanne. Nikamwomba siku tatu nikamwone senje, dada ya marehemu baba yangu, ambaye kila akipiga simu husifu shamba lake.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa barabarani na mfuko wa viazi, maana mtu haendi kwa senje mikono mitupu. Webuye mvua ilinyesha. Kakamega mjini nilibadilisha gari, na kufikia Ekero miwa ilikuwa imefunga pande zote mbili za barabara. Hapo nikachukua bodaboda.

Alasiri nikafika Matungu. Obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, vilikuwa mezani kabla sijavua viatu.

"Na hii sura ya matanga ni ya nini?" Senje Beatrice akauliza.

Nikamweleza yote. Hakunipa pole hata kidogo. "Kesho tunavuna maharagwe," akasema. "Lala mapema."

Siku ya pili, umande ulipokauka, tukaingia shambani. Zamani palikuwa na miwa mitupu. Sasa kuna mahindi yaliyochanganywa na maharagwe, na upande wa chini soya na njugu. Mahindi yale yalikuwa ya kijani kibichi hadi nikaona wivu. Nikajifunga leso, nikaanza kazi kama ninavyoijua: shika shina, ng'oa, kung'uta udongo, weka kwenye fungu. Sikuwa nimemaliza mstari aliponipigia kelele.

"Wacha! Unanibebea shamba?"

"Senje, si ndivyo tunavunanga?"

"Ndivyo mnavunanga, na ndiyo maana unalia." Akanionyesha kisu chake. Alikata shina juu kidogo ya ardhi, mzizi ukabaki palepale. Kisha akachimbua mche mmoja wa soya uliokuwa bado mbichi. Kwenye mizizi kulikuwa na vinundu vidogo, kama vichwa vya njiti za kiberiti. Akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu.

"Humu kuna vijidudu. Vinachota chakula kutoka hewani, vinalisha mmea. Mmea ukikatwa, mizizi na majani yakiozea hapa, mahindi ya mwaka kesho nayo yanakula. Wewe maganda unapelekanga wapi?"

Alijua. Sisi hung'oa mharagwe mzima, tukaubeba hadi uani, tukaupiga kwa fimbo, kisha mizizi, mabua na maganda vyote tukavichoma tupate munyu, ile chumvi ya majivu ya kupikia mboga.

"Hata mimi napenda munyu," akasema. "Nachoma ya kutosha chungu kimoja. Ingine yote inarudi shamba."

Niliona aibu, kisha nikacheka. Miaka kumi na tisa nimelima maharagwe, na kila mwaka nimekuwa nikiichoma mbolea yangu mwenyewe nikitafuta ladha ya mboga ya mrenda.

Siku ya tatu nilirudi Lugari jua likielekea kuzama. Wafula alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo umepanda magari matatu kwenda kufundishwa kukata maharagwe?"

"Nipe bondeni msimu mmoja," nikasema. "Nikishindwa, nitachimba mashimo ya miti yako mimi mwenyewe."

Akakubali, nadhani kwa hamu ya kuniona nikichimba. Wiki iliyofuata nikakata maharagwe peke yangu huku majirani wakiuliza kama mgongo unauma. Maganda nikayarudisha shambani kwa toroli.

Huu ni mwaka wa pili. Sitawadanganya: upande wa juu mahindi bado yana umanjano, na senje amenionya kwamba udongo uliochoka haupoi kwa siku moja. Lakini bondeni ni kijani, na nikichimba napata minyoo, wageni ambao sikuwa nimewaona kitambo. Nilichojifunza Matungu ni kwamba nusu ya mavuno ni ile unayoiacha chini.

Jana asubuhi, siku ya kuvuna maharagwe, Wafula aliamka kabla yangu. Nilimsikia akipekuapekua jikoni.

"Mama Nekesa," akaniita, "ile kisu ya maharagwe uliwekanga wapi?"