Kisiki Kilichonivunja Mgongo

Bibi mchuaji wa Kimamba alikuwa na masharti mengi kuliko ofisi ya chama. Uje hujala tangu jana jioni. Uwe umeoga maji ya moto. Uvae nguo pana isiyobana kiunoni, maana yeye hakuwa na habari za mafuta wala za kumvua mtu nguo: alikukanda, akakuvuta miguu, kisha akakupanda mgongoni kwa nyayo zake, ameshika kamba iliyofungwa kwenye boriti. Migongo ya wakata mkonge aliinyoosha hivyo tangu kabla ya uhuru. Sharti la mwisho, uje na mtu wa nyumbani kwako.

Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi, na mdomo ninao. Mtu akikosa shamba la kijiji siku moja tu, nilimwita kupe mbele ya mkutano. Basi mgongo uliponishika, niliwaambia watu, mke wangu akiwa wa kwanza, kwamba nimeumia alfajiri nikiwa peke yangu shambani, nang'oa kisiki. Wakanisifu. Mke wangu akachukua jembe langu. Akimaliza sehemu yake anaingia yangu. Wiki mbili.

Siku ya kwenda kukandwa alinichemshia maji, akanisugua, akanivika msuli wa marehemu baba yake kwa sababu suruali zangu zote zilibana. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge mapya. Niliyaona, nikatazama pembeni. Aibu niliisikia, ila njaa niliisikia zaidi.

Tulipofika nikatoa shikamoo, bibi akaitika marahaba, akanilaza kifudifudi mkekani.

"Umeumiaje?"

"Kisiki, bibi."

Akaminya kiuno, nikatulia. Akaminya nyonga, nikaruka.

"Wa kisiki huumia kiunoni," akasema. "Wewe umeanguka. Nikikukanyaga upande usio wake, hutainuka tena. Sema umeangukia wapi, au rudi kwako ulivyo."

Alikwishashika kamba. Mke wangu alikuwa kwenye kigoda, amepakata kibuyu cha uji wangu wa baadaye. Nikaogopa ulemavu, nikamwogopa na yeye, na sijui niliogopa kipi zaidi. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye mkeka ule.

Nikasema, uso nimeuzika kwenye ukindu. Nilisema baiskeli. Nilisema nilitoka kilabuni Kilosa, siku ambayo wenzangu wote walikuwa wanalima, na kwenye kivuko cha reli ikanitupa, nikaangukia nyonga ya kushoto. Kisiki sikukigusa.

"Kushoto," bibi akasema. "Ungesema tangu mwanzo."

Akapanda. Nililia kama mtoto anayetahiriwa, na mke wangu hakunipa pole hata moja. Uji aliunywa mwenyewe.

Siku ya tatu niliinama nikafunga kamba za viatu bila maumivu. Nilifurahi sana, nikageuka kumwonyesha mke wangu. Alikuwa bado amelala, jua limeshapanda, na jembe limeegemezwa upande wangu wa kitanda.

Nikamuuliza anaumwa nini.

"Mgongo," akasema, akajivutia shuka. "Nilikuwa nang'oa kisiki."

Aliugua wiki mbili kamili. Nililima sehemu yangu, nikalima na yake, na kisiki nikaenda kuking'oa kweli.