Baba Mkwe Halambwi

Nyie wasomaji mnanikera. Bando mnanunua asubuhi, mchana limeisha, mnakopa lingine, lakini nikiuliza nani kati yenu amebandika stempu kwenye bahasha tangu amalize shule, mnanitolea macho kama nimeuliza nani anajua kufua chuma. Kazi yenu kutumiana stika za paka anayelia. Wakati huo huo kuna mwanaume hapa Sumbawanga nusura akose mke kwa ajili ya stempu. Mke kabisa, siyo mchumba wa kwenye simu. Kaeni niwaambie.

Jamaa anaitwa Cleophas. Ana steshenari nyuma ya soko, pale upepo unapopiga mpaka karatasi zinakimbia na wateja wanazikimbiza. Ukipita mjini ukaona bango la harusi, maharusi weupe kama wamechovywa kwenye unga wa sembe, ujue ni yeye. Kadi za kipaimara, fulana za msiba, vyeti vya chekechea, mabango ya injili, vyote vinatoka kwenye kompyuta moja aliyoifunika kitambaa alichofuma mama yake. Hakusomea. Alijifunza kwa kubonyeza kila kitu mpaka kitu kitokee.

Na ana sheria zake. Kila kazi lazima iwe na njiwa, waridi, na miale ya mwanga inayotoka nyuma ya kichwa cha mtu. Kila mtu anaongezewa nywele na meno, aombe asiombe. Kuna marehemu mmoja wa Muze alizikwa na meno mawili, lakini kwenye fulana za msiba anacheka na meno kamili juu na chini, mpaka mjane akauliza, "Huyu ni nani?" Halafu chini kulia, popote pale, lazima ikae namba ya simu ya Cleophas. Hata kwenye fulana ya msiba. Tena hasa kwenye fulana ya msiba, maana pale watu wanapanga foleni ya kuaga na kila mtu anausoma mgongo wa mwenzake.

Sasa Cleophas anampenda Brightness, binti anayeuza duka la dawa. Brightness naye anampenda, hilo halina shida. Shida ni baba.

Baba yake ni Mzee Tuntufye, Mnyakyusa wa Tukuyu, aliletwa huku Ufipa na serikali akiwa afisa mifugo, akastaafu, akabaki. Ni mzee wa kanisa, pombe haigusi, na ana koti moja la kijivu, zito, linalofika magotini. Anatembea haraka, hageuki nyuma hata ukimwita. Maisha yake yote ameangalia vinywa vya ng'ombe, na binadamu anawaangalia hivyo hivyo. Washenga wa Cleophas walienda kuomba siku ya kujitambulisha wakati maharage yanapandwa. Mzee akasema, "Nitawaambia." Maharage yamevunwa, yamepigwa, mengine yameshaliwa. Mzee kimya.

"Baba anasema hajaelewa kazi yako," Brightness alimwambia.

"Si nilimweleza? Nadizaini."

"Ulimweleza. Akaniuliza, kwa hiyo anabonyeza tu?"

Ndipo likaja tangazo. Zinatengenezwa stempu za kumbukumbu za utamaduni wa nchi, kila mkoa unaruhusiwa kupeleka picha nne, kamati itachagua. Cleophas alilisoma akasimama, akakaa, akasimama tena. Jina lake likifika Dar es Salaam, mzee atasema nini?

Jirani yake Alfonsi, fundi simu, akaingiza kichwa dirishani. "Chora radi ya kichawi tu, mwanangu. Hao wa Dar ndiyo wanachokijua kuhusu Sumbawanga."

"Toka hapa."

"Basi chora mchawi anaruka na ungo."

"Alfonsi, nimesema toka."

Akachora tanuru la wazee wa Kifipa la kuyeyushia chuma, refu kuliko mtu, na juu yake akashusha miale na njiwa mpaka likafanana na siku ya Pentekoste. Akachora maksai wawili wanalima, akawang'arisha meno. Akachora mama anapepeta ulezi, kucha zimepakwa rangi, waridi sikioni. Ya nne ilikuwa mzee amekaa kwenye kigoda, anakunywa pombe ya ulezi kwa mrija kutoka kwenye kibuyu. Hapo ndipo alipokwama.

Alitaka sura ya mzee wa kweli. Akafungua kompyuta kutafuta picha za wazee. Wapo wengi, tena wazuri, lakini wote marehemu. Sura zao alizitoa kwenye kazi za misiba. Na marehemu humpi kibuyu bila kuiuliza familia, na familia za watu wa Ilemba kwa ugomvi unazijua. Mzee pekee aliyekuwa hai kwenye ile kompyuta alikuwa Mzee Tuntufye, kwenye picha aliyoituma Brightness ya harusi ya kaka yake.

Cleophas akaona huu ni mpango wa Mungu. Atamfanyia baba mkwe sapraizi! Mzee awe kwenye stempu, nchi nzima imuone! Akamkata, akampachika kwenye kigoda, akampa mrija mdomoni. Akamuongezea nywele. Akamuongezea meno.

Sasa hakujua stempu inatakiwa iwe ndogo kiasi gani. Akachapa karatasi moja yenye picha ndogo ndogo za mzee, safu kwa safu, akaenda posta kuuliza. Dirishani anakaa Atusaye, mke wa Stephano, kaka yake Brightness. Yaani mkamwana wa Mzee Tuntufye.

Na hapa wewe usiye wa Mbeya nisikilize. Kwa Wanyakyusa wanaofuata mila, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hawasalimiani, hawapishani mlangoni, hawagusi kiti kimoja. Mzee akija kwa Stephano, Atusaye anatoka kwa mlango wa jikoni hata kama ugali uko motoni. Mzee akija posta, Atusaye anaenda stoo na mlinzi ndiye anayehudumia. Cleophas ni Mfipa. Kwao watu wanapigiana makofi ya heshima, wanachuchumaa, mambo yanaisha. Haya mengine aliyasikia nusu nusu akadhani ni utani.

"Shemeji, mambo! Hebu nicheki hizi," akasema, akasukuma karatasi chini ya kioo.

Atusaye akaitazama. Baba mkwe akamtazama. Mara arobaini kwa mpigo, ana meno yote.

"MWEEE!"

Akazama chini ya meza. Kalamu, kalenda, kikombe cha chai, vyote vikamfuata. Mteja wa nyuma aliyekuja na kifurushi akadhani ni majambazi, akalala chini. Waliomfuata wakalala pia. Mlinzi akatoka nje mbio, eti anaenda kuangalia hali ya barabara.

"Shemeji, kuna nini?" Cleophas akainama dirishani.

"Mtoe!" sauti ikatoka chini. "Mtoe huyo mzee!"

"Ni karatasi tu, shemeji."

"Karatasi gani ina macho? Wewe unataka mimi nimuuze baba mkwe? Nimchane chane, nimpe mtu chenji na yeye?"

Jioni habari ilikuwa imeshafika Kizwite kwa mzee, imeongezewa na bunduki. Brightness akapiga simu. "Baba anakuita. Uje na hiyo karatasi."

"Amekasirika?"

"Amevaa koti ndani ya nyumba."

Cleophas akaenda. Mzee amekaa kwenye kochi, miwani puani, Brightness amesimama mlango wa jikoni na ncha ya kanga mdomoni, anajizuia kucheka. "Shikamoo, baba." Mzee akaitikia kwa pua. Akaichukua karatasi, akaisogeza kwenye taa, akaangalia alipozoea kuangalia.

"Meno haya ni ya mnyama wa umri gani?"

"Baba, niliboresha tu..."

"Ningekuwa ng'ombe ningesema ni maksai kijana, auzwe haraka kabla mwenye mali hajagundua. Na hiki mkononi?"

"Kibuyu."

"Cha nini?"

"Maziwa," Cleophas akasema.

"Kwa mrija?"

Jikoni kulisikika mtu anakohoa kikohozi cha uongo.

"Haya, tuache kibuyu. Mimi barua nimeandika sana, lakini nataka nikusikie wewe. Stempu inabandikwaje?"

"Unailamba nyuma, baba."

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma ya stempu."

"Ambayo mbele yake kuna nani?"

"Wewe, baba."

"Kwa hiyo nyuma yake ni nini?"

Upepo ukatikisa bati.

"Ikishalambwa?"

"Inapelekwa posta, inagongwa muhuri."

"Inagongwa wapi?"

"Juu yake."

"Juu ya wapi yake, kijana? Sema tu."

"Usoni, baba."

Mzee akavua miwani. "Sasa nimeielewa kazi yako. Mtu wa Mtwara nisiyemjua ananilamba mgongo. Halafu napelekwa posta nikiwa nimelewa, nipigwe usoni. Na wa kunipiga ni mkamwana wangu." Akamrudishia karatasi. "Waambie washenga wako wasichakaze viatu vyao bure. Ndaga, asante kwa kuja. Nenda salama."

Cleophas alirudi dukani akakaa gizani, maana hata taa alisahau kuwasha. Asubuhi Alfonsi akamkuta hapo hapo, macho mekundu.

"Si nilikuambia uchore radi?" Alfonsi akasema. Safari hii Cleophas hakumfukuza, ndipo Alfonsi akajua jambo ni zito, akaenda kumletea chapati.

Alikuwa anaitafuna ile chapati, anaangalia barabarani, akamuona mzee mwenyewe anapita kwenda sokoni. Koti la kijivu. Mikono nyuma. Haraka, hageuki. Mama wa nyanya akasema, "Shikamoo mzee," kwa mgongo. Mpiga debe akasema, "Shikamoo mzee," kwa mgongo. Hakuna aliyeuona uso wake, na hakuna aliyekosea ni nani.

Cleophas akaiacha chapati.

Akafuta uso wote. Nywele zikaenda, meno yakaenda, kibuyu kikaenda, na waridi pia. Akamgeuza mzee, akamkalisha kwenye kigoda katupa mgongo, koti lake zima, kofia yake, mbele yake mashamba ya Ufipa yanashuka mpaka ukingo wa milima ya Lyamba lya Mfipa. Ukigonga muhuri, unagonga koti. Na koti lile limeshapigwa na mvua, vumbi na ng'ombe, muhuri utalifanya nini?

Akampelekea Atusaye kwanza, akaisukuma chini ya kioo huku amesimama tayari kukimbia. Atusaye akachungulia kwa jicho moja. Akafungua la pili.

"Huyu kanipa mgongo," akasema polepole. "Hapa tunaelewana. Huyu naweza kumuuza."

Kisha akampelekea mzee. Mzee akaitazama picha muda mrefu, Brightness mlangoni hacheki tena.

"Mgongo wangu haujapinda hivi."

"Nitaunyoosha, baba."

"Na hii mifuko ya koti ina vifuniko. Weka vifuniko." Akaigeuza karatasi, akaangalia nyuma, akaigeuza tena. Uso ukabadilika. "Ngoja. Kama mbele ni mgongo, ulimi sasa unakuja upande gani?"

Brightness akafumba macho. Lakini Cleophas alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha. "Baba, angalia chini kulia."

Mzee akavaa miwani. Pale chini kulia, mahali ambapo kwa miaka yote, kwa maharusi na marehemu, imekaa namba ya simu ya Cleophas, namba haikuwepo. Kulikuwa na maandishi madogo: TUMIA MAJI, USILAMBE.

"Namba yako iko wapi?" mzee akauliza. Maana hata yeye anayo fulana ya msiba.

"Nimeitoa, baba. Nafasi ilikuwa ya mmoja."

Mzee akakunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa koti, ule wenye kifuniko. "Waambie washenga waje Jumamosi," akasema. "Lakini nikisikia nimelambwa, hata na mtu mmoja, mahari inaanza upya."

Picha nne zikaenda Dar. Tatu zikarudi, kamati ikisema haijawahi kuona maksai wanacheka. Ya mzee ikapita. Tena wakamsifu ndege mzuri wa Ufipa aliye begani, kumbe ni njiwa ambaye Cleophas alisahau kumfuta. Ila wakafuta yale maandishi ya chini kulia. Wakasema kwenye stempu hayakai matangazo.

Kwa hiyo onyo halipo. Washenga wameshaenda, siku imeshapangwa, Cleophas ameshaanza kujidizainia kadi zake mwenyewe na meno anajiongezea, na kila kitu kimekaa juu ya ulimi wako wewe. Nakuomba, mtu wa Mtwara, na wewe wa Tanga, na wewe wa Mwanza. Andika barua, siku moja tu katika maisha yako. Na ukipewa stempu yenye mzee wa koti la kijivu aliyetupa mgongo, chovya kidole kwenye maji. Usimlambe.